Yngwie Malmsteen: tunamgombania nini hasa?

Ukitaka kujua kama mtu anapenda gitaa kweli, we mtajie Yngwie Malmsteen, yule mpiga gitaa wa Sweden, alafu subiri. Hakuna atakayekujibu "yupo poa tu". Kuna atakayekwambia huyu ndo fundi wa mafundi na waliokuja baada yake wote wamekula mezani kwake, na kuna atakayekunja sura aseme jamaa anakimbia tu, noti elfu na hakuna hata moja inayogusa. Afu kuna kundi la tatu, na humo ndo nilipo mimi, la watu wanaompenda mpaka wanaumia. Tukikutana sisi mada ni moja tu, albamu gani ilikuwa ya mwisho kuwa tamu kweli. Mmoja atasema Trilogy ya 1986, mwingine Odyssey ya 1988, mwingine anasogea mpaka The Seventh Sign ya 1994, na wapo wachache wanaotetea kila alichotoa mpaka Parabellum ya 2021, hao nawavulia kofia maana mapenzi yao hayatikisiki.

Mimi nina msimamo wangu na nausema kila nikipata mtu wa kunisikiliza. Huu ugomvi wa spidi tunapoteza muda bure. Spidi haijawahi kuwa shida ya Yngwie. Shida ni kwamba ilifika wakati akabaki peke yake studio, hana wa kumjibu, na muziki wake ni muziki unaotaka mtu wa kuujibu. Ntafika huko, ila lazima kwanza nirudi nyuma maana wengi wanamjua kwa klipu za dakika mbili na hawajui alitokea wapi.

Jamaa amezaliwa Stockholm, Sweden, tarehe 30 Juni 1963. Stori anayopenda kuisimulia mwenyewe ni ya Septemba 1970, Jimi Hendrix kafariki, TV ya kwao inaonyesha kipande cha Hendrix akiliteketeza gitaa jukwaani, na mtoto wa miaka 7 aliyekuwa na gitaa nyumbani ambalo hajishughulishi nalo akaenda kulichukua siku ileile. Baadaye akaja kukutana na muziki wa bendi ya Deep Purple na mpiga gitaa wao Ritchie Blackmore, huyo akamwathiri mpaka mavazi. Lakini kilichomgeuza kabisa ni fidla. Alimwona kwenye TV mpiga fidla Gidon Kremer akipiga vile vipande vya Paganini vinavyoitwa Caprice, viko 24, vimeandikwa kwa ajili ya fidla peke yake na ni vigumu kiasi kwamba watu wa enzi za Paganini walikuwa wanasema yule Mtaliano kauza roho yake kwa shetani ndo maana vidole vinakimbia vile. Kijana akasema moyoni kumbe gitaa nalo linaweza. Kwa hiyo wakati wenzake wanatafuta mpiga gitaa wa kumwiga, yeye alikuwa anamwiga mtu wa fidla aliyekufa mwaka 1840, na ukishalijua hilo hata namna ya kumsikiliza inabadilika.

Kaseti yake ikavuka bahari ikamfikia Mike Varney, mwenye lebo ya Shrapnel Records kule California, ambaye alikuwa na safu kwenye jarida la Guitar Player ya kutambulisha wapiga gitaa wasiojulikana. Varney akamwita Marekani. Mwaka 1983 dogo anatua huko hajafikisha hata miaka 20, anapiga kwenye albamu ya bendi ya Steeler, anahamia Alcatrazz ya mwimbaji Graham Bonnet, na 1984 anatoa Rising Force ya kwake mwenyewe. Albamu ya gitaa ambayo nyimbo zenye mtu anaimba ni mbili tu, ikapanda mpaka nafasi ya 60 kwenye chati ya Billboard na ikateuliwa Grammy. Hevi metali karibu bila mwimbaji, na watu wananunua!

Ili uelewe mshtuko wake lazima ukumbuke hali ilivyokuwa. Tangu 1978 kila kijana mwenye gitaa la umeme Marekani alikuwa anamfuata Eddie Van Halen, mikono yote miwili inagonga shingoni, na msingi wa karibu kila solo ni bluzi. Yngwie anaingia na skeli ya hamoniki maina, mpangilio wa noti uliozoeleka kwenye klasiki, na apejio, yaani noti za kordi zinazopigwa moja moja, zinazoporomoka kutoka uzi wa kwanza mpaka wa sita bila kukwama, kila noti imetoka safi, alafu nyuma yake kuna kinanda cha zamani cha makanisa ya Ulaya. Yaani Bach, yule mtunzi wa kale wa Ujerumani, na ampu za Marshall zilizofunguliwa mpaka mwisho kwenye chumba kimoja. Waliokuwa vijana wakati ule na wanapiga gitaa wengi wanasimulia kwamba walirudi nyumbani wakaanza upya.

Hapa niweke jambo ambalo sijaona mashabiki wa Ulaya na Marekani wakilisema, na kwangu mimi mtu wa pwani lilikuwa wazi siku ya kwanza. Ile rangi anayoipenda sana, ile inayofanya solo zake zisikike kama zinatoka nchi ya mbali, ni mpangilio uleule wa noti ambao Waarabu wanauita Hijaz. Mtu aliyekulia kwenye taarab asilia ya Zanzibar, fidla na ganuni zinajibizana, hiyo sauti anaijua toka utotoni. Kwa hiyo wanaposema Yngwie ni baridi kama nchi yake mimi nashangaa, maana sikio langu halijawahi kulisikia hilo baridi. Mi nasikia fidla ya taarab iliyopandishwa kwenye ampu.

Na hiyo spidi nayo. Sisi tumekulia kwenye sebene. Diblo Dibala wa Kisangani, yule aliyepiga kwenye rekodi za Kanda Bongo Man na baadaye Loketo, watu walimpa jina la Machine Gun kwa sababu ya kasi ya vidole na hakuna aliyemwambia hana hisia, watu walikuwa wanacheza tu mpaka jasho. Kasi kwenye gitaa ni furaha. Nani alisema huzuni peke yake ndo hisia? Mpiga gitaa akipita kwenye noti kwa kasi ile bila kuteleza mwili wangu unasisimka, na huo msisimko ni hisia kamili, hauhitaji kuombewa ruhusa na mtu wa bluzi.

Lakini hata ukiniambia spidi hujali, sawa, tuiweke pembeni. Chukua "Black Star", wimbo wa kwanza kabisa kwenye Rising Force. Unaanza na gitaa la kawaida lisilo la umeme, taratibu, alafu inaingia melodi ambayo hata mtu asiyejua chochote anaweza kuimba kwa mdomo. Sikiliza anavyoushika uzi mwisho wa kila sentensi. Ile vibrato, anavyoitikisa noti! Pana, nzito, inachelewa kidogo kuanza, noti inakaa kwanza imenyooka ndo anaanza kuitikisa, kama mwimbaji mkubwa anavyofanya. Hapa ndo nawakamata wale wanaosema hana roho, maana vibrato haiigizwi. Vijana wengi leo wanaweza kupiga "Far Beyond the Sun" ya albamu hiyohiyo noti kwa noti na kasi ileile, nawaona kila siku, na bado wakifika kwenye noti moja ndefu unajua papo hapo kwamba si yeye.

Kuna sababu ya kiufundi pia na inafaa watu waijue. Gitaa lake ni Fender Stratocaster ambalo mbao ya shingoni imechongwa ikabonyea kati ya freti na freti, vile vyuma vya kukatisha shingo, kwa hiyo kidole kinagusa uzi tu, hakigusi mbao. Na nyuzi zake ni nyembamba mno, ule wa kwanza ni inchi 0.008, alafu anashusha tyuni nusu toni. Wanaosikia hivyo wanadhani amejirahisishia. Aisee jaribu! Mi napiga gitaa kanisani, jamaa mmoja aliniazima la kwake lililochongwa hivyo, ukikandamiza kidogo tu kuzidi noti imeshapanda, kila kitu kinatoka faulo. Inabidi mkono wa kushoto uwe mwepesi sana na sikio liwe macho muda wote, maana gitaa la namna ile halikubebi. Yeye anaipata tyuni kwa sikio, kila noti, kwenye ile kasi.

Nina rafiki anapiga besi, kwake hii ni kero ya miaka. Nikimwekea Yngwie ananiuliza, "Kaka, huyu anakimbizwa na nani?" Nikamwambia sawa, leo usimsikilize yeye, sikiliza kinanda. Nikamwekea ile konsati ya Leningrad, Trial by Fire. Akanyamaza, akasema rudisha pale. Alichotaka nirudishe ni pale Jens Johansson anapojibu.

Na hapo ndo tunafika kwenye hoja yangu. Jens Johansson ndo alikuwa kwenye kinanda tangu Rising Force. Msweden mwenzake, mtoto wa Jan Johansson, mpiga piano wa jazi anayeheshimika sana kwao, aliyefariki kwa ajali 1968. Kaka yake Jens, Anders, akaja kushika dramu kuanzia Marching Out ya 1985. Kwa hiyo pale nyuma ya Yngwie kulikuwa na ndugu wawili waliotoka nyumba ya muziki, hawamwogopi, na Jens alikuwa na kasi kama yake. Sikiliza wanavyopokezana, Yngwie anatupa mstari, Jens anaudaka anaupindisha kwa noti za kijazi ambazo Yngwie mwenyewe asingezifikiria, anamrudishia ukiwa na mwiba, na Yngwie inabidi aongeze. Pale spidi inakuwa na maana kabisa kwa sababu ni mazungumzo, watu wawili wanabishana na wote wana akili. Ukimwondoa Jens anabaki mtu mmoja anayeuliza swali na kujijibu mwenyewe.

Na ile ya Leningrad ina uzito mwingine. Juni 1987 Yngwie aligonga mti na gari lake aina ya Jaguar, akakaa karibu wiki nzima hana fahamu, mshipa wa fahamu unaoongoza mkono wa kulia ukaathirika. Mkono wa piki, ule unaopiga nyuzi! Na kipindi hichohicho akiwa anauguza ule mkono mama yake akafariki kwa saratani. Akarudi na Odyssey mwaka uliofuata, na Februari 1989 yuko Leningrad, Umoja wa Kisovyeti bado upo, umati wa vijana ambao bendi za namna hii walikuwa wanazipata kwa kaseti za kurudufu unapiga kelele mpaka unahisi mikrofoni zinazidiwa. Kuna wanaosema baada ya ajali mkono haukurudi vilevile, kwamba ile makali ya 1984 haipo tena. Nimesikiliza sana, siwezi kusema naisikia tofauti hiyo, ninachosikia ni mtu anayepiga kama vile alishaambiwa hatapiga tena.

Baada ya hapo bendi ile ikavunjika. Eclipse ya 1990 ikaja na watu wapya, Göran Edman anaimba vizuri sana na nyimbo ni nzuri, sitaki kudanganya, ila kile kiti cha kinanda kikawa kiti cha kusindikiza. Na miaka ilivyokwenda ndivyo wengine walivyozidi kupungua nguvu. Akawa mtayarishaji wa albamu zake, kwenye miksi gitaa likapanda na sauti ya mwimbaji ikazama, mashabiki wengi wa albamu za baadaye kilio chao ni hicho, dramu zinasikika kavu, besi mara nyingi anapiga mwenyewe, mpaka tukafika Spellbound ya 2012 ambayo vyombo vyote yeye na kuimba yeye. Waimbaji waliopita hapo ni wakubwa kweli, Jeff Scott Soto, Mark Boals, Joe Lynn Turner, Doogie White, Tim "Ripper" Owens aliyekuwa Judas Priest. Yeye aliwahi kusema kwenye mahojiano kwamba nyimbo ni zake na wale waliajiriwa kuimba, na baadhi yao wakamjibu hadharani kwa uchungu. Sitaki kuwa hakimu wa hilo. Ninachoweza kupima ni kilichomo kwenye rekodi, na kila palipokuwa na mtu mwenye uzito wake, rekodi imesimama.

Ushahidi? Facing the Animal ya 1997. Wakati huo wengi walikuwa wameshamkatia tamaa, Marekani upepo ulikuwa umeshageuka tangu bendi za kina Nirvana 1991, solo ya gitaa yenyewe ilionekana kitu cha aibu. Akamleta Cozy Powell kwenye dramu, mzee aliyepiga na bendi za Rainbow na Black Sabbath, mkono mzito usio na haraka. Na Yngwie anapiga tofauti! Anasubiri, anaacha nafasi, kwa sababu Cozy hakimbizwi na mtu. Cozy akafariki kwa ajali ya gari Aprili 1998 na ile njia ikafungwa. Nikiisikiliza albamu ile huwa najiuliza wangefika wapi na ya pili.

Mwaka 1998 huohuo ikatoka konseto yake ya gitaa la umeme na okestra, alirekodi Prague na Czech Philharmonic, kondakta Yoel Levi. Mashabiki wa metali wengi waliipita haraka na wa klasiki ndo kabisa hawakuisogelea, naona wote wamepunjika. Siyo kila sehemu inashika, ila sehemu za polepole okestra inamlazimisha apumue, na ile vibrato inapata mahali pa kukaa.

Sasa kuhusu tabia yake, maana hakuna mjadala wa Yngwie unaomalizika bila hilo. Kila mtu anajua ile ya 1988, wako kwenye ndege kwenda Japani, mwanamke mmoja abiria akammwagia maji, yeye akawaka kwa matusi na maneno ya kishujaa, mwenzake kwenye bendi akairekodi na ikasambaa dunia nzima. Mwaka 2005 akaichukua ile kauli akaifanya jina la albamu, Unleash the Fury. Mimi hapo nilimpenda zaidi. Na lile jibu lake kwa wanaohubiri kwamba kidogo ndo kingi, yeye anasema haiwezekani, kingi ndo kingi. Watu wanalicheka, mi naliona ni jibu la mtu anayejua anachotaka. Kanisa la kale la Ulaya lililojaa dhahabu na sanamu toka sakafuni mpaka darini halikujengwa na mtu aliyeamini kwenye kidogo, na huo ndo muziki anaoufuata. Kumtaka Yngwie apige noti chache ni kumtaka awe mtu mwingine, wapo wengi wa noti chache, nendeni kwao.

Ninachomtaka mimi ni kingine. Nataka awe na mtu chumbani mwenye ruhusa ya kusema hapana. Wafuasi wake wamefanya hivyo na wamefika mbali. Jens mwenyewe alienda Stratovarius kule Finland 1995 na ile bendi ikapaa, yale majibizano ya gitaa na kinanda aliyoyaanza na Yngwie yakawa msingi wa powa metali, ile metali ya kasi yenye melodi kubwa, ya Ulaya nzima. Alexi Laiho wa Children of Bodom, Michael Romeo wa Symphony X, wote ukiwasikiliza unamsikia Yngwie ndani, na wote waliweka kinanda kikali pembeni yao. Mbegu ile watu walipanda ikaota, mwenye mbegu akaacha.

Ndo maana kwangu Odyssey iko juu sana na najua wakongwe wa Rising Force wananinunia. Wanasema ni laini, ni ya redio, "Heaven Tonight" wanaiita wimbo wa kutafuta chati. Kweli albamu ilitafuta chati na ikapata, ilifika nafasi ya 40 kwenye chati ya albamu Marekani, hajawahi kupanda zaidi ya hapo. Lakini sikiliza ndani yake kuna nini: Joe Lynn Turner ana melodi zake na hakubali kuzimwa, Jens yupo, Anders yupo, na Yngwie katikati anapambana kupata nafasi na mkono uliotoka hospitali. "Rising Force" ule wimbo wa kwanza, solo inapoanza gitaa na kinanda wanavyofukuzana pale, niambie kama kuna kitu cha miaka ya 2000 kinachosogelea. Rafiki yangu wa besi anasema Trilogy bado iko juu kwa sababu ya Mark Boals, zile noti za juu hakuna aliyezifikia, na kwenye hilo la Boals namkubalia. La Trilogy kuwa juu ya Odyssey simkubalii, na Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya tunaendelea tulipoishia.